Mpira Hufa Lini?

Katika mpira wa miguu, kila mtoto wa Kakese ajua kwamba mpira ukivuka mstari, au mwamuzi akipiga filimbi, mchezo husimama. Kriketi haina filimbi ya namna hiyo, na ndiyo sababu ugomvi mmoja wa mwaka 1882 wasimuliwa hata leo.

Tarehe 29 Agosti mwaka ule, uwanjani Oval, London, Australia walikuwa wakicheza na Uingereza. Katika kriketi wapigaji wawili hukimbia kupishana baina ya vijiti vya upande huu na vya upande wa pili, ili wapate alama. Mpinzani akivibomoa vijiti kwa mpira hali mpigaji yu nje ya mstari wake, mpigaji huyo hutolewa.

Murdoch, nahodha wa Australia, akaupiga mpira. Yeye na kijana Sammy Jones wakakimbia, wakafika salama. Mpira ukarudishwa, ukafika mkononi mwa W. G. Grace, Mwingereza aliyesifiwa kupita wachezaji wote wa zama zile. Jones, akidhani mambo yamekwisha, akatoka mstarini kusawazisha ardhi iliyochimbuka. Mara Grace akavibomoa vijiti, akadai. Mwamuzi, Robert Thoms, akahukumu kwamba Jones ametoka.

Waaustralia wakaghadhibika mno. Lakini sheria ilisema mpira hufa ukiisha kutulia mikononi mwa mrushaji au mdakaji akaaye nyuma ya vijiti, na Grace hakuwa mmoja wao. Basi kwa maneno ya sheria Thoms hakukosea. Lawama, kama ipo, ni ya Grace, kwani mwamuzi hakuwekwa apime uungwana wa mtu.

Uingereza walitakiwa kupata alama 85 tu. Spofforth, mrushaji wa Australia, akiwa na hasira, akawatoa wapigaji 7, na Uingereza wakaishia 77. Gazeti moja la London likatangaza kwa mzaha kwamba kriketi ya Uingereza imekufa na majivu yake yatapelekwa Australia. Tangu hapo mashindano yao huitwa Majivu.

Sheria ya sasa imeongeza kwamba mpira hufa pia mwamuzi aonapo wazi kuwa pande zote mbili zimeuacha. Hata hivyo, tarehe 2 Julai 2023, uwanjani Lord's, Jonny Bairstow wa Uingereza aliinama mpira ukampita, kisha akatembea nje ya mstari. Alex Carey, mdakaji wa Australia, alikuwa ameurusha papo hapo, ukavipiga vijiti. Bairstow akatolewa, na safari hii waliozomea ni Waingereza.