Wapiga fidla watano, mpiga piano mmoja: Miaka 53 ya Beaux Arts Trio

MPIGA piano anayetafuta jina kwa kawaida hufuata njia moja. Hushinda mashindano, hualikwa kupiga pamoja na okestra kubwa, kisha huketi peke yake jukwaani huku ukumbi mzima ukimtazama yeye tu. Menahem Pressler alikuwa ameianza njia hiyo vyema. Mwaka wa 1946, akiwa na umri wa miaka 22, alishinda mashindano ya Debussy mjini San Francisco, na muda si muda akawa anapiga na okestra ya Philadelphia. Hata hivyo, mwaka wa 1955 aliungana na wanamuziki wawili waliomzidi umri, akadumu katika kundi hilo kwa miaka 53.

Kundi hilo liliitwa Beaux Arts Trio, na lilipiga muziki ambao Wazungu huuita wa chumbani. Uliitwa hivyo kwa sababu hapo awali ulipigwa katika vyumba vya makabaila, mbele ya wageni wachache, wala si katika kumbi za umma. Wapigaji huwa wawili, watatu, wanne au zaidi kidogo. Hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti, na kila mmoja hupiga sehemu yake peke yake. Mwenzako akiteleza, hakuna wa kumfunika. Mashabiki wa taarab watazitambua fidla na selo papo hapo, ila hapa hakuna mwimbaji wa kufuatwa.

Katika karne ya 18, sonata nyingi zilichapishwa kama kazi za piano zinazosindikizwa na fidla. Mpiga fidla alikuwa msaidizi tu. Beethoven ndiye aliyewaweka wawili hao uso kwa uso kama washindani. Mnamo Mei 24, 1803, mjini Vienna, alipiga sonata yake mpya na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiafrika. Kazi ilikamilika dakika za mwisho, hata Bridgetower akalazimika kusoma sehemu ya pili moja kwa moja kutoka kwa mwandiko wa mtunzi. Baadaye wawili hao walikosana. Beethoven alimtunukia kazi hiyo Rodolphe Kreutzer, Mfaransa ambaye inaaminika hakuwahi kuipiga hadharani. Hadi leo sonata hiyo hujulikana kwa jina la Kreutzer, naye aliyeizindua hutajwa pembeni tu.

Ugomvi wa namna hiyo haukuisha. Mwaka wa 1949, nyota watatu, yaani Arthur Rubinstein kwenye piano, Jascha Heifetz kwenye fidla na Gregor Piatigorsky kwenye selo, walipiga pamoja nchini Marekani. Inasimuliwa kwamba Rubinstein na Heifetz walizozana kuhusu jina la nani litangulie kwenye matangazo. Santuri zao zingali zinasifiwa, lakini ushirikiano wenyewe haukufika mbali. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu.

Pressler alikuwa mtu wa aina nyingine. Alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, Desemba 16, 1923, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na duka la nguo. Novemba 1938, wafuasi wa Nazi walipovunja maduka ya Wayahudi kote nchini humo, duka lao halikusalimika. Mwaka uliofuata wazazi na watoto walitorokea Palestina kupitia Italia, lakini jamaa zao wengi waliobaki Ulaya waliuawa. Kijana huyo alidhoofika hata siku moja akazirai akiwa anapiga sonata ya Beethoven.

Wazo la kuunda kundi lilitokana na kazi ya kurekodi. Pressler alitaka kurekodi kazi za Mozart za piano, fidla na selo, akawa anahitaji wenzake. Alimpata Daniel Guilet, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa na umri wa miaka 56. Guilet alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya redio ya NBC chini ya Arturo Toscanini, okestra iliyovunjwa mwaka wa 1954. Guilet naye akamleta Bernard Greenhouse, mpiga selo aliyefunzwa na Pablo Casals. Walipiga tamasha lao la kwanza Tanglewood, Marekani, Julai 13, 1955. Walikuwa wameitwa kushika nafasi ya kundi jingine lililoshindwa kufika.

Msomaji asidhani kwamba kupiga watatu ni rahisi kuliko kupiga peke yako. Piano ya kisasa ina sauti nzito inayoweza kuzimeza nyuzi za fidla na selo, hivyo mpigaji wake sharti ajizuie bila kupoteza uhai. Isitoshe, sauti za piano zimeshawekwa na fundi na hazibadiliki, ilhali mpiga fidla huitafuta kila sauti kwa kidole chake. Lazima fidla isikilize piano, na piano nayo ingoje upinde wa fidla uanze kusogea. Pressler alisifika kwa kugeuza shingo kila mara kuwatazama wenzake, hata katika vifungu vigumu vya mikono yake mwenyewe. Halafu kuna jambo ambalo wasikilizaji hulisahau: mpiga fidla husafiri na fidla yake, bali mpiga piano hupiga chombo anachokikuta ukumbini, kizuri au kibovu.

Mfano bora wa uvumilivu wao ni kazi za Haydn, zaidi ya 40, ambazo kundi lilizirekodi zote. Ndani yake selo mara nyingi hufuata tu mkono wa kushoto wa mpiga piano. Mpiga selo mwenye kiburi angekataa. Greenhouse alikubali, na jarida la Gramophone la Uingereza likaituza kazi hiyo kuwa rekodi ya mwaka.

Hatari kubwa ilikuwa kuondoka kwa mmoja wao. Guilet alistaafu mwaka wa 1968, akaja Isidore Cohen kutoka Juilliard Quartet, aliyekaa hadi 1992. Wakafuata Ida Kavafian, kisha Yung Uck Kim kutoka Korea, na mwaka wa 2002 Daniel Hope. Kwenye selo, Greenhouse aliondoka mwaka wa 1987, akafuatwa na Peter Wiley na Mbrazili Antonio Meneses. Kila mgeni alilazimu kazi zilezile kufanyiwa mazoezi upya, na Pressler alirudia bila kuchoka kazi alizokuwa amezipiga mamia ya mara. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipawa chake kikubwa kuliko wepesi wa vidole.

Malipo ya tamasha yakigawanywa kwa watatu huwa si makubwa, ndiyo maana wengi wa fani hii pia hufundisha. Pressler alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka uleule wa 1955, na aliendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Daniel Hope, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alikuwa na umri wa chini ya miaka 30 alipojiunga na mzee huyo wa miaka 78. Alipoamua kushughulikia zaidi kazi zake binafsi, Pressler hakutafuta mpiga fidla wa sita. Kundi liliaga Marekani palepale Tanglewood, Agosti 2008, na Septemba likafunga kazi mjini Lucerne, Uswisi.

Ndipo Pressler, akiwa na umri wa miaka 84, akairudia njia aliyoiacha ujanani. Ujerumani ilimrejeshea uraia mwaka wa 2012. Januari 2014, akiwa na miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza na okestra ya Berlin Philharmonic, na mkesha wa mwaka mpya uliofuata akapiga nayo tena, safari hii kazi ya Mozart chini ya Simon Rattle. Alifariki London Mei 6, 2023, miezi saba kabla ya kutimiza miaka 100.