Safari ya Siku Moja Kutoka Chang'ombe Mpaka Bandarini

Yuko mtu aliyekaa Chang'ombe miaka ishirini, kila siku huenda mjini kwa kazi yake, wala hajui mji huo ulianzaje. Historia ya Dar es Salaam haimo vitabuni tu. Imo pia katika mawe na katika majina ya mitaa. Siku moja yatosha kuisoma. Basi na tutoke asubuhi, jua lingali pole.

Twauacha nyuma Uwanja wa Uhuru, ambao tutaurudia jioni, twapita Keko na kufika Kariakoo. Hapo pana msongamano wa watu, mikokoteni na marobota ya nguo. Lakini jina lenyewe ni la msiba. Katika Vita Vikuu vya kwanza, Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, walipafanya mahali hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukayageuza maneno hayo, yakawa Kariakoo. Barabara zilikuwa chache, nao mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda vichwani mwa watu. Wapagazi hao, ambao wengi walichukuliwa kwa nguvu, walikufa kwa makumi ya maelfu, nao waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Twavuka Mnazi Mmoja. Uwanda huo uliachwa wazi zamani za ukoloni uwe mpaka: mitaa ya Waafrika upande wa huku, Wahindi na Wazungu upande wa kule. Siku hizi mnara wa Mwenge wa Uhuru wasimama papo hapo palipowatenga watu.

Mbele kidogo twaiona Sanamu ya Askari. Mwaka 1911 mahali hapo palisimamishwa sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wadachi. Waingereza walipouteka mji waliiondoa, na mwaka 1927 wakamweka askari huyu wa shaba, ambaye singe yake yaelekea bandarini. Maandishi ya chini yake, ya Kiingereza na ya Kiswahili, yawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu ni askari, mpagazi hayupo.

Hatimaye twafika bandarini, penye Boma la Kale lililojengwa kwa mawe ya matumbawe. Hili ni la siku za Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyeanza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akauita Dar es Salaam, yaani makao ya amani. Alifariki mwaka 1870, naye Sayyid Barghash, ndugu yake, hakuiendeleza kazi ile. Majumba mengi yakaharibika. Mji uliinuka tena Wadachi walipohamishia hapa makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo, mwaka 1891.

Jioni twarudi Chang'ombe. Katika Uwanja wa Uhuru, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa.

Sasa na tujiulize: ni nani aliyeacha alama ya kudumu? Kasri la Majid halipo, na Wissmann ameondolewa. Bali jina la wapagazi, ambalo hakuna mtawala aliyeamuru likumbukwe, latajwa kila siku na maelfu ya watu, ingawa wengi hawajui wanamtaja nani. Ni wajibu wetu wazee na walimu kuwaeleza watoto. Kesho kondakta atakapoita, “Kariakoo! Kariakoo!”, wajue ya kuwa anawaita pia watu waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, wala hawakurudi kwao.