Chapa ya Mbwa-Mwitu katika Panga za Ujerumani

Mtu akipata kuushika upanga wa kale wa Kijerumani, yafaa autazame bapa lake kwanza kabla ya kuujaribu ukali. Huenda akaona mikato michache iliyotiwa kwa tindo na kujazwa shaba ya manjano. Akiikazia macho ataona umbo la mnyama anayekimbia. Huyo ndiye mbwa-mwitu wa Passau.

Passau ni mji ulio kando ya mto Danube, na mbwa-mwitu ndiye nembo yake. Wahunzi wake wa zamani walitia alama hiyo katika panga zao, ikawa kama ahadi kwa mnunuzi. Hata wako askari waliosadiki kwamba mnyama yule humkinga mwenye upanga asidhurike vitani.

Penye sifa hapakosi mwigaji. Wahunzi wa Solingen, mji wa upande wa magharibi, nao wakaanza kumchora mbwa-mwitu yule yule. Lakini hawakuwa walaghai tu, kwani kazi yao ilikuwa njema kweli. Wenye kutia chuma makali na kukinoa walipewa hati ya chama chao mwaka 1401, na wafua panga mwaka 1472. Wenye siri za kazi waliapishwa wasihame na ufundi wao. Hata hivyo, mwaka 1687 baadhi yao walikwenda Shotley Bridge, kaskazini ya Uingereza, na mbwa-mwitu akafuatana nao.

Baadaye nakshi zilizidi. Fundi alipaka bapa nta, akachora kwa sindano, kisha akamwagia tindikali; palipochorwa pakalika, na penye nta pakasalimika. Akitaka dhahabu, aliichanganya na zebaki, akaipaka na kuipasha moto. Zebaki ilitoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule ni sumu, na uzuri aliojivunia afisa mbele ya kikosi chake ulikula afya ya fundi. Upanga wa mnyongaji nao haukuwa na ncha, maana haukuwa wa kuchomea. Mara nyingi ulichorwa gurudumu la mateso au mti wa kunyongea, ili atakayeuona aogope.

Solingen iliuza panga zake mbali, na wako watu wa Sudani waliozitia mipini ya kwao. Katika milima ya Caucasus wahunzi walimchora mbwa-mwitu katika panga walizozifua wenyewe. Basi mwigaji naye akaigwa.

Wazee walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuchora mnyama yule ni kazi ya dakika chache, na kila mwenye tindo aliiweza. Kukitia chuma makali kisivunjike wala kisipinde ni ujuzi wa miaka mingi, nao haukuigwa kwa tindo.