Ndege kwa Zana za Kale

Kuunda ndege kwa elimu ya leo, lakini kwa malighafi na ufundi uliokuwapo kabla ya mapinduzi ya viwanda, kunawezekana mradi ndege hiyo haina injini, yaani iwe glaida. Maseremala na wafumaji wa kale hawakukosa mbao wala kitambaa, walikosa elimu. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mhandisi Mjerumani Otto Lilienthal, ambaye kati ya 1891 na 1896 aliruka mara zipatazo 2,000 kwa mabawa ya fito za mierebi yaliyowambwa kitambaa cha pamba. Glaida yake iliyojulikana zaidi ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi na mabawa ya mita 13 za mraba, na safari zake ndefu zilifika mita 250. Leonardo da Vinci, karne nne kabla yake, alikuwa na mbao, hariri na kamba, ila alichora mabawa ya kupigwapiga kwa misuli. Mwaka 1680 kitabu cha Giovanni Borelli kilieleza kwamba misuli ya binadamu haiwezi kazi hiyo. Wazo lililohitajika alilichora George Cayley mwaka 1799: bawa litulie na kuinua tu, kusukuma kuwe kazi ya kitu kingine, na mkia ukishike chombo kisipinduke.

Atakayepinga atasema Lilienthal alitegemea pamba ya kiwandani na waya wa chuma. Kuhusu waya pingamizi lina uzito, maana kamba hunyumbuka ikivutwa na bawa likapoteza umbo. Hata hivyo, mafundi wa Ulaya walivuta waya kwa mkono tangu Zama za Kati, wakiupitisha katika matundu yanayozidi kuwa membamba, na wafumaji wa Dhaka walitoa melimeli laini mno bila mashine yoyote. Hesabu nayo inakubali: mtu na glaida yake wakiwa kilo 100, mabawa ya ukubwa ule yanahitaji mwendo wa takribani kilomita 40 kwa saa, na mwendo huo hupatikana kwa kukimbia mteremkoni ukiukabili upepo.

Injini ndiyo isiyowezekana. Ile ya Orville na Wilbur Wright ya mwaka 1903 ilitoa nguvu farasi 12, na bloku yake ilikuwa ya alumini, metali ambayo hakuna aliyeipata kabla ya 1825. Kweli, Gossamer Condor iliruka mwaka 1977 kwa miguu ya mwanadamu, lakini kwa mabomba ya alumini na utando wa plastiki. Elimu ya leo, basi, ielekezwe kwenye uongozaji. Lilienthal aliongoza kwa kuyumbisha mwili wake, na tarehe 9 Agosti 1896 alianguka. Alifariki kesho yake. Glaida ya akina Wright ya 1902 iliongozwa kwa kupinda mabawa, kwa usukani wa nyuma na kwa bawa dogo la mbele, na ilikuwa ya mbao, pamba na waya.