Sansevieria fupi

Mmea wa mapambo wenye majani manene yaliyojipanga duara karibu na ardhi, kwa kawaida hauzidi sentimita 20. Aina inayofahamika zaidi, 'Hahnii', ilipatikana New Orleans, Marekani, mwaka 1939, ingawa spishi yake, Dracaena trifasciata, asili yake ni Afrika ya Magharibi na Kati. 

Dodoma, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, hupata mvua hasa kati ya Desemba na Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka. Sansevieria huvumilia kiangazi cha huko kwa sababu hufungua vitundu vya majani usiku, hewa ikiwa imepoa. Hupandwa chini ya mwarobaini au barazani, kwenye udongo wenye mchanga. Kinachoiua mara nyingi ni huruma ya mwagiliaji: maji yakituama, shina la ardhini huoza na majani hulegea. Yenye kingo za njano igawanywe kwa machipukizi. Ikioteshwa kwa kipande cha jani, miche hutoka ya kijani tupu.