Uzee Usiosomeka Kwenye Kadi: Simulizi za Wanawake Wakimbizi wa Katumba na Mishamo

Kwa hesabu za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, mkimbizi ni mzee akifikisha miaka 60. Kigezo hicho kinamfaa karani anayepanga mgao. Mtafiti wa uzee hakimfikishi mbali. Mwanamke aliyekimbia mauaji ya Wahutu nchini Burundi mwaka 1972 akiwa na mtoto mgongoni, akapelekwa kufyeka pori katika makazi ya wakimbizi ya Katumba au Ulyankulu, na baadaye Mishamo, magharibi mwa Tanzania, mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Umri ulio kwenye kadi yake ni makadirio ya aliyemwandikisha.

Historia simulizi haiji hapa kuziba pengo la takwimu tu. Inabadilisha swali lenyewe. Dodoso humuuliza bibi anaumwa nini na anaishi na nani, kisha humtia katika kundi la wenye mahitaji maalumu. Mwache asimulie huku akipukuchua mahindi, naye atayapanga maisha yake kwa mambo mengine: shamba la kwanza, mtoto aliyezikwa njiani, msimu alioshindwa kushika jembe wajukuu wakaanza kumlimia. Uzee wake ulianza msimu huo, hata kama umri ulio kwenye kadi ulikuwa bado haujafika 60. Na wajukuu hao mara nyingi ni yeye aliyewalea, jambo ambalo fomu haina mahali pa kuliandika.

Wapo wasemao kumbukumbu za wazee hukosea. Zinakosea, ndiyo. Wafanyakazi wa Terni, Italia, walimsimulia mtafiti wa historia simulizi Alessandro Portelli kana kwamba mwenzao Luigi Trastulli aliuawa mwaka 1953, ilhali aliuawa 1949, na Portelli akaona kwamba kosa lenyewe linaeleza uzito wa kifo kile kwao. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki naye, katika miaka ya 1980, aliwakuta wakimbizi wa Mishamo wakiishikilia kwa nguvu historia ya Wahutu kama taifa lililo uhamishoni, huku wenzao wa Kigoma mjini wakilikwepa hata jina la mkimbizi. Mahali huumba simulizi.

Kinachonitia shaka zaidi ni ukalimani. Bibi anasema Kirundi, mjukuu anatafsiri kwa Kiswahili cha shuleni. Habari za ndoa, za njaa, za kubakwa: bibi gani atazitamka mbele ya mjukuu wake? Zile atakazozitamka, kijana naye atazipunguza kwa aibu. Halafu mtafiti anaandika kwamba wazee wamesahau.

Na kwa yale ambayo takwimu haziwezi kuyaeleza, chukua suala la uraia. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walitakiwa kuchagua kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wakaomba, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Vyeti vilianza kugawiwa 2014. Katikati ya hapo walikuwa wameambiwa kwamba raia wapya watahamishiwa mikoa mingine, mpango ulioachwa baadaye. Hesabu ya kaya haiwezi kutueleza miaka ile ya kungoja ilimzeeshaje mjane ambaye mumewe amezikwa Katumba.

Aliyeingia akiwa na miaka 20 sasa amepita 70. Idara zetu za historia ziwarekodi wanawake hawa sasa, kwa Kirundi, mkalimani awe mwanamke mtu mzima asiye wa familia, na nakala ya sauti ibaki nyumbani kwa msimulizi.