Pesa ya Kitanda na Pesa ya Mtu

Kaka yangu ni mgema. Nasema ni mgema, sisemi alikuwa, maana ukimwambia "ulikuwa" atakununia siku nzima. Alianguka kutoka juu ya mnazi kule kwetu Tanga, na tangu siku hiyo miguu yake haina habari naye. Miaka miwili baadaye walikuja wageni na gari, wakamletea kiti cha magurudumu kipya kabisa. Picha zikapigwa, mwenyekiti wa mtaa akahutubia, watoto wakapiga makofi. Kaka alishukuru kwa adabu zote. Gari lilipoondoka akanigeukia: "Sasa wewe msomi, kesho asubuhi nani atanitoa kitandani nikae kwenye hiki kiti?"

Aliyekuwa akimtoa ni mama. Na mgongo wa mama siku hizo ulikuwa umeanza kukataa kazi.

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoanza kusomasoma, nikakuta kumbe swali la kaka lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Uingereza, katika jimbo moja la mashamba na vijiji liitwalo Hampshire. Huko walikuwako watu ambao hawakuweza kujigeuza kitandani bila kusaidiwa, lakini waliweza kupiga hesabu. Hesabu yao ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Tuanzie 1948. Mwaka huo Uingereza ilipitisha Sheria ya Msaada wa Taifa. Sheria ilizipa halmashauri kazi ya kuwahudumia walemavu, ila ilizikataza kitu kimoja: kumpa mlemavu fedha taslimu mkononi ili ajinunulie msaada wake. Halmashauri ingeweza kumlipia mtu kitanda katika makao, tena kwa miaka thelathini. Kumpa yeye mwenyewe zile fedha, hapana. Kipengele hiki kidogo, bwana, kilikuja kufunga milango mingi kuliko kufuli.

Mwaka huohuo Leonard Cheshire, rubani wa zamani wa ndege za kivita, aliyekuwa mmoja wa walioshuhudia kutoka angani bomu la Nagasaki mwaka 1945, alimchukua mgonjwa mmoja aliyekuwa akifa na kansa akamuuguza katika jumba kubwa liitwalo Le Court, hukohuko Hampshire. Wagonjwa wengine wakafuata. Le Court ikawa makao, na makao yakazaa makao mengine dunia nzima. Hata hapa jirani, Limuru nchini Kenya, ipo nyumba yenye jina la Cheshire. Nia yake ilikuwa njema na sitaki kumbeza marehemu. Wengi waliookotwa na makao yale wangeozea katika wodi za wazee.

Lakini kukaa Le Court kulikuwa na masharti yake. Wakazi walianza kugombana na uongozi juu ya mambo ambayo wewe na mimi hatuyafikirii: mtu mzima alale saa ngapi, nani aingie chumbani kwake, nani apange siku yake. Miongoni mwao alikuwa kijana Paul Hunt, mwenye ugonjwa wa kunyong'onyea misuli. Mwaka 1966 alihariri kitabu cha insha zilizoandikwa na walemavu wenyewe, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kama kinyonga kwenda mbio.

Wakazi wa Le Court waliwahi pia kuomba watafiti waje waone hali yao. Wakaja wawili, Miller na Gwynne, wakatoa kitabu mwaka 1972. Hebu fikiri uchungu wa waliowaita. Watafiti waliandika kwamba anayeingia katika makao kama yale jamii imekwisha kumhesabu amekufa, na kazi ya makao ni kumvusha kutoka kifo hicho hadi kifo cha mwili. Halafu, badala ya kusema makao yafungwe, wakapendekeza yaendeshwe vizuri zaidi! Hunt hakuwasamehe. Aliwaita wanyonyaji.

Mwaka huohuo wa 1972 Hunt alipeleka barua katika gazeti la Guardian akiwaita walemavu wenzake waunde umoja wa kupinga maisha ya kufungiwa. Katika walioitikia alikuwamo Vic Finkelstein, mzaliwa wa Johannesburg. Huyu alivunjika shingo akiwa kijana, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na hata hivyo makaburu walimfunga kwa kupinga ubaguzi wa rangi, kisha wakampiga marufuku ya miaka mitano. Aliingia Uingereza mwaka 1968. Mtu aliyetoka katika nchi yenye milango ya weupe na milango ya weusi hakuhitaji kufundishwa maana ya kutengwa. Umoja wao ukatamka mwaka 1976 jambo ambalo leo linafundishwa vyuoni: kwamba miguu isiyotembea ni jambo moja, na kufanywa mlemavu ni jambo jingine, kazi ya jamii iliyojenga ngazi kila mahali kisha ikamlaumu asiyepanda.

Hapo walitofautiana na wasomi waliokuwa wakidai walemavu wote walipwe posho na serikali. Umoja ukasema umaskini wa walemavu ni dalili, ugonjwa wenyewe ni kutengwa. Mimi nikisoma mabishano yale naona pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo. Posho bila mtu wa kukutoa kitandani utaihesabia mtoni mwa kitanda. Lakini mtu wa kukutoa kitandani naye ana tumbo, lazima alipwe.

Basi turudi Le Court. Mwaka 1979 kikundi cha wakazi, akiwamo John Evans, aliyepooza baada ya kuvunjika shingo, kilikaa chini na kupiga ile hesabu niliyoitaja. Halmashauri zilikuwa zinalipa fedha nyingi kila wiki kwa kila kitanda cha Le Court. Wao wakasema: hatuombi senti mpya. Fedha hizohizo tupeni tukapange nyumba mjini, tuajiri wasaidizi wetu wenyewe, tuamue wenyewe kulala na kuamka. Wakauita mpango huo Mradi wa 81, kwa kuwa 1981 ulikuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa walemavu.

Kilichowazuia ni kile kipengele cha 1948. Fedha mkononi, marufuku. Sasa tazama ujanja wa watu ambao sisi tumezoea kuwaita "wasiojiweza". Wakakubaliana na halmashauri iendelee kulipa Le Court kama kawaida, kisha Le Court iwapitishie wao. Yaani nyumba waliyokuwa wanaikimbia ndiyo ikawa mfereji wa fedha za kuikimbilia mbali. Mwaka 1983 Evans akahamia kwake. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakafungua kituo cha maisha ya kujitegemea Hampshire, na Derbyshire wakafungua chao mwaka 1985. Mfano walikuwa wameuona Berkeley, Marekani, ambako kituo cha namna hiyo kilianza mwaka 1972.

Neno hilo, kujitegemea, kwetu Tanzania lina uzito wake, na najua msomaji ataliona linakwenda kombo. Anajitegemeaje mtu anayevalishwa shati? Wao walijibu kwamba kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Waziri hajioshei gari lake, na hakuna anayesema hajitegemei. Cha muhimu ni nani anatoa amri: shati lipi, saa ngapi, na kama leo unataka kutoka au kubaki ndani.

Serikali iliingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mageuzi ya posho yaliyoanza kutumika mwaka 1988 yalifuta malipo ya nyongeza ambayo walemavu waliyatumia kulipia wasaidizi wa nyumbani. Kelele zikawa nyingi. Kuwatuliza, serikali ikaanzisha Mfuko wa Maisha ya Kujitegemea, eti wa miaka mitano tu na wa watu wachache. Wachache! Kufikia 1993 walikuwa zaidi ya 20,000. Serikali iliposhtuka ikafunga mlango na kufungua mwingine mwembamba zaidi: kuanzia hapo mwombaji hapati kitu mpaka halmashauri yake imchangie kwanza huduma za thamani ya paundi 200 kwa wiki. Matokeo yake, watu wawili wenye hali moja, mmoja ng'ambo hii ya barabara na mwingine ng'ambo ile, mmoja alipata na mwenzake akakosa, kwa sababu tu halmashauri zao ni mbili. Hapa watetezi wengi wa Mfuko hupita harakaharaka. Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wa haki kwa wote.

Kile kipengele kilianguka mwaka 1996. Wanaharakati walikuwa wamefanya jambo ambalo mahazini hulisikia kuliko machozi: walileta tarakimu. Utafiti ulioendeshwa na baraza lao na kutolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mlemavu anayepewa fedha akaajiri mwenyewe hugharimu pungufu kwa asilimia 30 hadi 40 kuliko akihudumiwa moja kwa moja. Bunge likapitisha sheria ya malipo ya moja kwa moja. Lakini nina kinyongo kidogo na ushindi huo. Ukishinda kwa kusema "sisi ni rahisi", siku moja atakuja mtu kutafuta rahisi zaidi.

Na akaja. Mwaka 2010 Mfuko ulifungwa kwa waombaji wapya. Mwaka 2012 serikali ikaamua kuufuta kabisa. Walemavu wakaenda mahakamani, na Novemba 2013 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, kwa kuwa waziri hakuzingatia ipasavyo wajibu wa kisheria kuhusu usawa. Unadhani ikaishia hapo? Miezi minne tu baadaye serikali ikatangaza upya uamuzi uleule, safari hii makaratasi yakiwa yamepangwa vizuri. Tarehe 24 Juni 2015, siku chache kabla ya kufungwa, kundi la walemavu, wengine wakiwa kwenye viti vyao, lilijaribu kuingia katika ukumbi wa Bunge la London waziri mkuu akiwa anajibu maswali. Polisi wakawazuia mlangoni.

Tarehe 30 Juni Mfuko ukafungwa, ukiwa na watu karibu 17,000. Katika England fedha zilipelekwa kwenye halmashauri bila uzio, yaani halmashauri ingeweza kuzitumia hata kuziba mashimo barabarani. Scotland ilifanya kinyume: ilianzisha mfuko wake siku iliyofuata, 1 Julai, na mwaka 2024 ikaufungulia waombaji wapya. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ilitoa taarifa ikisema Uingereza imekiuka haki hizo kwa kiwango kikubwa, na kufungwa kwa Mfuko kulitajwa humo. Ibara ya 19 ya mkataba huo inasema mtu ana haki ya kuishi katika jamii na kupata msaada wa kumwezesha. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Nimeitaja Tanzania, basi niseme. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Wapo waliofungua vibanda na kufuga kuku kwa fedha hizo, nawajua. Ila huo ni mkopo. Nilipomweleza kaka alicheka mpaka akakohoa. "Nikope ili nitolewe kitandani? Halafu nirudishe nini, nirudi kitandani?"

Mwezi uliopita nilimsimulia yote haya, tumekaa barazani, kiti kile cha wageni kikiwa chini yake na gurudumu moja limekwisha kufungwa waya. Habari za mahakama zilimchosha. Alichopenda ni ule ujanja wa Le Court, akanitaka niurudie. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Yupo kijana wa jirani, ana nguvu, hana kazi. Elfu moja kwa kumtoa asubuhi, elfu moja kwa kumlaza usiku. Elfu mbili kwa siku, elfu sitini kwa mwezi.

Akaniagiza mkaa jikoni. Akataka nimwandikie hiyo sitini elfu ukutani chumbani kwake, chini kidogo, pale anapoweza kuiona akiwa amelala.